Suti ya Karatina

Kijana wa Nyeri anayekwenda kuhojiwa kwa kazi ya benki hutambulika kwa mbali: suti ya mitumba kutoka Karatina, tai ya mjomba, na bahasha ya kaki iliyonona kumshinda. Ndani mna matokeo ya mitihani ya uhasibu ya KASNEB, cheti cha polisi, barua ya HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ya kuthibitisha kwamba hakimbii deni, na ile ya CRB, watunza rekodi za wakopaji, ya kuapa kwamba hajashindwa kulipa mkopo. Atashindwaje, na hakuna aliyemkopesha? Isipokuwa HELB, bila shaka, wanaotaka dalili za kulipa kabla hajapata kazi ya kumwezesha kulipa.

Usiku kucha kakariri uwiano wa mtaji na riba ya Benki Kuu. Jopo linamwuliza anajiona wapi baada ya miaka 5.

Si kwamba huku kwetu fedha ni ngeni: benki ya Equity ilianzia Kangema mwaka 1984. Mwai Kibaki wa Othaya alikabidhiwa Wizara ya Fedha mwaka 1969. Sijasikia kwamba aliulizwa udhaifu wake mkubwa ni upi.

Kijana akipita, hutumwa sokoni kuwafungulia akaunti wauza viazi, kwa kamisheni. Wa kwanza kumkuta ni mweka hazina wa chama chao cha akiba na mikopo.

"Kijana wangu," anamwuliza, "na wewe mdhamini wako ni nani?"