Samaki Kapata Mia

Kuna watoto kijijini Puge, Nzega, hawajaanza shule na tayari wananiita Bwana Samaki. Jina wamelipata kwa babu zao, na babu zao wamelipata juzi tu, chini ya mwembe, niliposimama na kompyuta mpakato mkononi kuwasomea wanakijiji majibu ya vipimo vya muhogo wao. Kompyuta ilinipa mstari mmoja, wenye asilimia 100: muhogo wa bibi mwenye shamba la bondeni ulikuwa Cyprinus carpio. Nililitamka jina lile kwa madaha, kama padri wa zamani. Afisa ugani akalitafuta kwenye simu yake, akakunja uso, akasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Huyu ni samaki."

Angekuwa mtu mwingine, wangecheka yakaisha. Mimi ni Mzaramo wa pwani, wao ni Wanyamwezi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakishusha pembe kutoka Unyanyembe hadi pwani, na mtani akiteleza haokotwi, anakanyagwa. "Mzaramo huyu," akasema mzee mmoja, "ukimpa muhogo atautupia nyavu."

Sasa niacheni nieleze kilichotokea ndani ya ile kompyuta, maana ni kitamu kuliko aibu yenyewe. Jani la muhogo likifika maabara, mashine hairudishi jina la ugonjwa. Inarudisha herufi nne, A, C, G na T, zikifuatana kurasa na kurasa. Jina hutafutwa na BLAST, programu iliyotangazwa mwaka 1990 na Stephen Altschul na wenzake wanne, ambayo huchukua herufi zako na kuzilinganisha na hazina ya mifuatano ya virusi, mimea, wanyama na chochote kilichowahi kusomwa na kuhifadhiwa. Ingelinganisha kila herufi na kila herufi, mngezeeka wote wawili. Kwa hiyo hutafuta kwanza kipande kidogo kinachofanana kabisa, herufi 11 kwa blastn ya kawaida, kisha hujinyoosha kushoto na kulia, ikiongeza alama panapofanana na kupunguza panapopishana, mpaka alama ziporomoke mno, ndipo inaacha. Ndivyo Mnyamwezi anavyotafuta ndugu stendi ya Nzega: anadaka neno moja la kwao, anauliza kijiji, anauliza ukoo, na majibu yakianza kuyumba anarudi kulinda mzigo wake.

Matokeo huja kwa jedwali la safu 12, bila vichwa. Ya tatu ni asilimia ya kufanana. Ya nne ni urefu wa kipande kilichofanana. Ya 11 ndiyo ninayoipenda: thamani ya E, yaani mechi ngapi nzuri kiasi hicho ungezipata kwa bahati tu katika hazina yenye ukubwa ule. Ikikaribia sifuri, furahi, bahati haihusiki. Mfuatano wa bibi ulikuwa na mistari miwili. Mmoja ulisema kirusi cha michirizi ya kahawia, asilimia 94, herufi 612, E ikiwa 0.0. Wa pili ulisema samaki, asilimia 100, herufi 33, E ikiwa 3e-06. Programu niliyoazimwa na mwenzangu kazini ilipanga mistari kwa safu ya tatu, ikachukua wa juu na kuutupa mwingine. Nilipofungua jedwali lote na kuwaonyesha wazee, mambo yakaharibika zaidi. "Hebu soma vizuri, mwalimu," akasema yule mzee. "Kirusi kapata sifuri. Samaki kapata mia."

Na herufi 33 za samaki zilitoka wapi? Kabla ya kusomwa, DNA hugundishwa vipande bandia viitwavyo adapta, ili mashine iweze kuishika. Baadaye vinatakiwa kukatwa. Vyetu havikukatwa vyote. Lakini hata vya samaki havikukatwa: jenomu yake, iliyotangazwa mwaka 2014, iliingia hazinani ikiwa na mabaki ya adapta, na tangu hapo watu wa nchi nyingi wamekuwa wakimvua mahali asipoishi. Kwa hiyo muhogo wa Puge na samaki yule hawana ukoo. Wamechangia gundi ya kiwandani. Waliomhifadhi na gundi yake wako mbali sana. Aliyesimama chini ya mwembe ni mimi.

Bibi mwenyewe hakucheka. Alichukua kisu, akapasua muhogo mmoja vipande vya duara, akavipanga juu ya kanga: nyama nyeupe, ndani yake madoa makavu ya kahawia kama kizibo. Kwamba umeoza alijua kabla sijazaliwa. Alichotaka kujua ni kama shamba la juu, ambalo majani yake ni kijani safi, linafaa kukatwa pingili za msimu ujao, maana ugonjwa huu huweza kujificha majani yakimeremeta huku mizizi inaharibika. "Wengine nao walichuma majani," akasema, "hawakurudi hata na samaki."

Hapo mzaha ulinitoka. Mwaka 2019 ilichapishwa taarifa ya watafiti, Joseph Ndunguru wa Tanzania na Laura Boykin miongoni mwao, waliobeba mashine za betri hadi mashamba matatu ya mihogo, moja Tanzania, moja Uganda, moja Kenya, na kuwapa wakulima jibu la awali ndani ya saa 3 tangu kufika. Saa 3! Inawezekana, basi. Majani ya bibi yalikaa kwenye friji ya watu tangu mvua zilizopita, yakisubiri zamu, na kwenye taarifa yetu yeye ni sampuli tu, hana hata jina.

Nikamsomea mstari wa kirusi, nikamwambia kwamba jani lililochumwa shamba la juu nalo lina kirusi hicho, asikate pingili kule. Mzee akauliza ugonjwa huu ulianzia wapi. Laiti ningedanganya. Nikasema wa kwanza kuuandika ni mtafiti H. H. Storey wa Amani, Tanga, mwaka 1936, na kwa miaka mingi ulijulikana kama ugonjwa wa ukanda wa pwani.

"Wa pwani," wakarudia wote.

Mengine ya siku ile ni madogo. Sampuli zisizofanana na chochote hazipewi hata mstari, kwa hiyo wakulima wawili waliambiwa hawakuleta majani. Nusura niweke kigezo cha BLAST kiitwacho max_target_seqs kuwa 1 nikidhani nitaletewa mgombea bora, wakati mtafiti Nidhi Shah na wenzake walishaonya mwaka 2018 kwamba sivyo inavyofanya kazi. Betri ikaisha.

Watani wakanitoza faini ya kreti la soda, nikalipa palepale. Ofisi imekataa kunirudishia hela. Wanasema utani hauna kifungu kwenye bajeti, na risiti ya duka imeandikwa "samaki".