Daktari wa Mateke

Mwaka 2003, katika tamthilia ya Stairway to Heaven, mwigizaji Park Shin-hye alikuwa binti mdogo anayenyanyaswa na ndugu wa kambo. Watazamaji Korea Kusini wakamlilia. Kufikia 2016 mtoto kakua: katika tamthilia ya Doctors ya kituo cha SBS ni bingwa wa upasuaji wa ubongo, katika hospitali kubwa ya Seoul. Ubingwa huo tunauona mapema, maana genge la wahuni linaingia chumba cha dharura, na daktari analisambaratisha kwa mateke. Mlinzi wa getini sijui analipwa kwa kazi gani. Kisha nani anatokea hospitalini? Mwalimu wake wa sekondari, sasa daktari mwenzake, kesho mpenzi. Wewe mwenye damu ubongoni, vuta subira. Madaktari bado wanatazamana.