Nani Amemleta Msomi Kibandani?

Ukitaka kuwaharibia watu Jumapili, waletee msomi wa filamu kwenye kibanda cha video. Mimi nimeletewa wangu bila kumwagiza. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Bungoma. Ukoo mzima ulichanga, mahindi yakauzwa kabla hayajakauka, ili aende chuo kikuu. Tulidhani anasomea kitu cha kushika: udaktari, uhandisi, hata ualimu. Kumbe alikuwa anasomea kutazama muvi, kazi ambayo vijana wa Suam huifanya kutwa kwa shilingi 20 na kuchapwa na wazazi wao kwa sababu hiyohiyo.

Sasa yuko kwangu hapa Suam, mpakani mwa Kenya na Uganda, anangoja ajira. Na kwa kuwa ajira haina haraka, ananifundisha mimi.

"Khocha, mjomba wangu," aliniambia, "steringi si mtu. Steringi ni taswira."

Akanitajia Mwingereza aitwaye Richard Dyer, ambaye mwaka 1979 aliandika kitabu kizima, Stars, kueleza kwamba nyota wa sinema hutengenezwa: na muvi zenyewe, na matangazo, na magazeti, na porojo za watu. Nikamwuliza: Aprili 2012, Steven Kanumba alipozikwa Kinondoni, ule umati uliofurika Dar es Salaam ulikuwa unalilia matangazo? Akasema ndiyo, kwa namna fulani. Hiyo "kwa namna fulani" ndiyo tuliyoilipia karo miaka yote.

Kukaa naye kibandani ni adhabu. Steringi ananing'inia kwenye helikopta, benchi zima limeshika roho, yeye ananinong'oneza habari za mwanga na kivuli. Akitokea mwanamke mrembo, ananitajia Laura Mulvey, aliyeandika mwaka 1975 kwamba katika sinema za Hollywood mwanamume ndiye mtazamaji na mwanamke ni wa kutazamwa. Mama wa mandazi alimsikia. Tangu siku hiyo ukiinua macho juu ya sinia lake, anakuuliza unatazama nini, na mandazi unapewa ya jana.

Sisi elimu yetu ilikuwa fupi na inatosha. Steringi hafi. Adui mkubwa hufa wa mwisho. Rafiki wa steringi akitoa picha ya mchumba wake mfukoni, huyo ni maiti. Ukishajua hayo umehitimu, na hudaiwi karo.

Kinachonikera ni kwamba huyu kijana si wa kwanza kuja kutufundisha kutazama. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walipiga kambi Vugiri, kule milima ya Usambara, wakatengeneza filamu 35 za kuwaelimisha Waafrika, kisha wakapakia mitambo kwenye lori na kuzizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda hadi Nyasaland. Baadaye, mwaka 1939, ikaundwa idara nzima ya filamu za makoloni, chini ya bwana mmoja William Sellers. Sellers alikuwa na nadharia: Mwafrika akili yake haiwezi kufuata picha za harakaharaka. Kwa hiyo kamera itulie, picha ikae muda mrefu, na mambo yaende polepole, hatua kwa hatua, bila hila.

Ushahidi wao mkubwa ulikuwa kuku. Kisa hiki kilichapishwa mwaka 1962 katika kitabu cha Marshall McLuhan, kutoka kwa msomi aitwaye John Wilson. Wanakijiji fulani wa Afrika walionyeshwa filamu ya afisa wa afya anayefundisha kuondoa maji yaliyotuama. Ilipoisha wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: kuku. Wataalamu hawakujua kama kulikuwa na kuku. Wakairudia filamu picha kwa picha, na kweli, kuku alikuwa amepita pembeni kama sekunde moja. Wakaandika kwamba hawa watu hawajui kutazama.

Mtu aliyeona alichokosa kukiona mpiga picha mwenyewe ndiye asiyejua kutazama! Tena mimi Mbukusu nisimamishwe mbele ya pazia, engokho, kuku mzima, apite, halafu niulizwe habari za maji? Hapo mwenye kasoro ni aliyeuliza.

Hayo nilimweleza mpwa wangu. Akaandika kwenye daftari. Kisha, badala ya kunyamaza, akaleta muvi yake.

Anasema mwaka 2022 jarida la Uingereza liitwalo Sight and Sound liliwauliza wahakiki zaidi ya 1,600 ni filamu gani bora kuliko zote duniani. Wakaichagua Jeanne Dielman, ya mama mmoja Mbelgiji, Chantal Akerman, iliyotoka 1975. Inachukua saa tatu na dakika ishirini na kitu. Ndani yake kuna mjane wa Brussels anayepika, anayeosha vyombo, anayetandika kitanda na kumenya viazi. Viazi! Hapa kwenye miteremko ya Elgon, ambako mtoto akipata nguvu ya kushika kisu hukabidhiwa karai la waru!

Na kamera haisogei. Picha imekaa palepale mpaka kiazi kiishe. Nikashtuka: hii si dawa ileile ya Sellers? Tulipopewa sisi, ilikuwa kwa sababu ya uzito wa akili. Walipojipa wenyewe, ikapigiwa kura ya kuwa kilele cha sanaa.

Bahati nzuri, kibanda chetu kina DJ. Wasiojua hudhani watu huja kumwona Schwarzenegger. Watu huja kumsikia DJ. Kenya nzima inamjua DJ Afro anayezisimulia muvi kwa Kiswahili. Uganda wanao akina VJ Jingo kwa Kiganda, na sauti zao huvuka mto Suam bila pasipoti. Tanzania walikuwa na Lufufu, ambaye profesa Mjerumani, Matthias Krings, amemwandikia kurasa katika kitabu cha 2015. Dyer hakuhesabu steringi wa aina hii, asiyeonekana kwenye pazia hata mara moja.

DJ wetu hajui Kifaransa cha yule mjane. Hilo halijawahi kumzuia mtu wa kazi yake. Akashika maikrofoni.

"Msimwone anamenya! Huyu mama alikuwa jeshini. Kila kiazi ni adui mmoja, anahesabu!"

Benchi likatulia. Mwanamume akabisha hodi kwa mjane: "Jasusi huyo, amefuata ripoti!" Mjane akasugua sinki: "Anafuta alama za vidole!" Mpwa wangu akasimama kupinga, kwamba maana ya filamu imo katika ule ukimya. Akaambiwa akae, anaziba viazi.

Baada ya saa tatu, mama akachukua mkasi na kumchoma mgeni wake. Naapa imo kwenye muvi yenyewe, sikuongeza kitu. Kibanda kikalipuka, mabati yakapigwa makofi, mama wa mandazi akapanda juu ya benchi. DJ akanguruma, "Si niliwaambia?" Mjane akaketi mezani gizani, kimya, dakika nyingi, na hakuna aliyetoka. "Anangoja helikopta," DJ akaeleza, na kila mtu akaona ni jambo la busara.

Sasa wateja wanadai sehemu ya pili. Mpwa wangu anazunguka soko zima akiwaapia kwamba haipo, haikutengenezwa, na mwenye filamu alishafariki. DJ amebandika tangazo: Jumamosi, saa nane, kiingilio shilingi 30.