Namna ya Kuwa Mjuzi wa Sauti Safi Bila Kusumbua Masikio

Kuwa na nyimbo nyingi si sifa tena. Kila mtu anazo, zimejaa kwenye simu mpaka picha za watoto zinakosa nafasi. Sifa imehamia kwenye ubora wa faili, na hapo ndipo wewe, ndugu yangu, unapoweza kupanda daraja kati ya Ijumaa na Jumapili bila kununua hata albamu moja. Nifuate.

1. Idharau MP3. Usipige kelele, guna tu. Ukiulizwa sababu, eleza kwamba Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer na wenzao waliipunguza kwa kutupa sauti ambazo sikio halitarajiwi kuzikosa, na kilichotupwa hakirudi. Hiyo ni kweli, na karibu ndiyo kweli pekee utakayoihitaji. Usithubutu kuongeza kwamba MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, ikitengenezwa vizuri, huwashinda wasikilizaji wengi kuitofautisha na CD. Habari kama hiyo itakufaidia nini?

2. Jifunze kusema FLAC kama mtu aliyezaliwa nayo. Ilianzishwa na Josh Coalson mwaka 2000, toleo la kwanza rasmi likatoka 2001, na ni bure. Inavyofanya kazi ni hivi: programu inakisia namba ya sauti inayofuata kwa kutazama zilizotangulia, kisha inaandika tofauti tu kati ya kisio na namba yenyewe. Faili ikifunguliwa, kila biti inarudi mahali pake. Wimbo wa dakika tano kutoka kwenye CD, ambao una megabaiti 50 hivi, unashuka mpaka karibu nusu. Huna haja ya kuelewa. Sema neno "kisio" kwa utulivu, utapewa kiti cha mbele.

Ukikutana na mwenye iPhone, mtajie ALAC, ya Apple, ya mwaka 2004. Inafanya kazi ile ile.

Ukikutana na mwenye FLAC nyingi kuliko zako, hamia WAV. Hii haibani chochote, inameza diski, na kuiandikia jina la msanii ni shida tupu. Kwa hiyo inaonekana ya wakubwa. Mwambie kwamba FLAC unaisikia ina ukavu fulani. Namba zinazofika kwenye spika ni zile zile kwa zote mbili, lakini atakayetaka kukupinga itabidi aanze kupiga hesabu, na hakuna anayependa hesabu katikati ya muziki.

3. Sasa kazi yenyewe. Chukua zile MP3 za kilobiti 128 ulizojaziwa kwenye flashi kibandani, zile ambazo mahali pa jina la albamu pana namba ya simu ya kibanda. Zipitishe kwenye programu ya kugeuza faili, chagua FLAC, bonyeza. Wimbo wa megabaiti nne utavimba mpaka uzidi ishirini mbele ya macho yako. Mchuzi uliokwisha kuliwa nyama haupati nyama kwa kuhamishiwa sufuria kubwa, na FLAC ni mwaminifu kiasi cha kuchekesha: itahifadhi kila dosari ya MP3 yako bila kupoteza hata moja. Lakini nani anaonja? Watu wanasoma jina la faili.

Programu itakuuliza kiwango cha kubana, kuanzia 0 hadi 8. Chagua 8. Sauti ni ile ile katika viwango vyote; kinachobadilika ni ukubwa wa faili kidogo na muda wa kusubiri. Hata hivyo, "mimi hutumia nane" ni sentensi inayonyamazisha meza nzima.

Kisha futa MP3 zote. Usiache shahidi.

Shahidi mmoja atabaki, nami sitakuficha. Kuna programu inaitwa Spek, inachora sauti kama picha. MP3 ya kilobiti 128 mara nyingi hukatika karibu na kilohezi 16, juu yake ni giza tupu, kama mtu aliyepiga mstari kwa rula. Muziki uliotoka moja kwa moja kwenye CD unaweza kupanda mpaka karibu 22. Ukiletewa picha hiyo usihamaki. Sema: "Hii ilitoka kwenye tepu." Bendi nyingi za dansi zilirekodiwa kwa tepu za rili kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na hakuna kijana wa kompyuta atakayebishana na tepu mbele ya wazee. (Tepu za kweli zinachakaa, na kuzinakili mara moja kwa ubora wote, kwenye faili isiyopoteza kitu, ndiyo kazi FLAC inayoiweza hasa. Hilo ni jambo la maana, kwa hiyo tulipite haraka.)

4. Panda namba. CD ina biti 16 na kilohezi 44.1. Wewe tangaza biti 24 na kilohezi 192. Sikio la kijana mzima huishia karibu na kilohezi 20, na la mzee aliyesimama miaka mingi pembeni ya spika za harusini huishia chini sana ya hapo. CD tayari inafika juu ya mipaka yote hiyo. Namba zinazobaki ni za popo. Programu ile ile ya kugeuza faili itakupandishia bure, na faili zitavimba tena, na utapata sababu halali ya kununua diski mpya ya nje na kuiacha mezani wageni waione.

5. Sikiliza kwa Bluetooth. Kwa kawaida Bluetooth huubana muziki upya kwa SBC au AAC, na zote mbili hutupa kitu njiani, kwa hiyo sauti yako safi itapunguzwa kati ya mfukoni na sikioni. Kioo cha simu bado kitaonyesha FLAC. Kigeuze kidogo upande wa jirani yako kwenye daladala. Nyumbani, ongeza besi ya sabufa mpaka vikombe vya kabatini viitikie. Hakuna mgeni atakayeuliza kilohezi.

6. Kwepa mtihani. Wapo watu wabaya wanaokuvalisha hedifoni, wanakupigia A, wanakupigia B, halafu X bila kusema ni ipi. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha matokeo ya jaribio la namna hiyo: sauti ya ubora wa juu ilipopitishwa kwenye kiwango cha CD, wasikilizaji walipatia karibu nusu, sawa na kurusha shilingi. Ukialikwa, sema waya si wako, chumba kina mwangwi, una mafua. Ukibanwa kabisa, bahatisha kwa uso mkavu. Ukikosa, uliza nani amegusa waya. Ukipatia mara ya kwanza, vua hedifoni hapo hapo, simama, na uulize kama chakula kimeiva.