Akili Inataka Ndege

Mjini Dar es Salaam kila aliyechoka siku hizi anasema anakwenda "kupumzisha akili". Akili yenyewe ina makuu: haipumziki mpaka ipande ndege hadi Dubai, tena kwa mkopo wa kikoba. Huko mwenyewe hashiki kitanda. Jua la Agosti linamkaanga, yeye anapozi mbele ya ghorofa refu mpaka simu inaishiwa chaji. Akirudi, mama mweka hazina keshafika barazani na daftari lake.

Mwambie kuna msitu Pugu, mwendo wa daladala tu, wenye mapango yaliyochimbwa kutafuta udongo mweupe wa kaolini, na popo wanaotoka magharibi ikiingia. Wazungu wanasafiri usiku kucha kuja kutazama ndege pale, darubini shingoni. Mwenyeji anacheka: "Pugu? Nikapumzike kule mnadani na ng'ombe?"

Haya, basi kivuko cha Kigamboni: dakika chache, upepo wa bahari usoni, karanga za kukaanga mkononi. Abiria wamejaa, ndiyo, lakini wameinamia simu, wanatazama bahari ya Maldives.