Serikali Mbaya ni ya Kwenu

Waingereza waliamini kwa dhati kwamba serikali haina shughuli ya kumiliki mitambo ya umeme. Mwaka 1996 wakaiuza British Energy kwenye soko la hisa, nyuklia na yote. Mwaka 2009 ikanunuliwa na EDF, ambayo sehemu kubwa ilikuwa mali ya serikali. Ya Ufaransa. Kumbe tatizo la serikali lilikuwa kuwa ya kwao.

Mfaransa peke yake hakutosha. Oktoba 2015 Waziri Mkuu David Cameron alimchukua Rais Xi Jinping wa China hadi baa ya kijijini, wakashushia samaki na chipsi kwa bia. Ziara hiyohiyo, CGN, kampuni ya serikali ya China, ikakubali kuchukua thuluthi ya mtambo wa nyuklia wa EDF, Hinkley Point C. Chipsi ghali kweli, zile.

Theresa May alipoingia madarakani 2016 akasema, hebu ngojeni kwanza. Usalama wa taifa ukatafakariwa wiki kadhaa, na Septemba sahihi zikatiwa. Ilipofika 2022, kwenye mradi wa pili, Sizewell C, Mchina akalipwa atoke. Mgeni umemwita mwenyewe, ukamtandikia kitanda, sasa unamtafutia nauli.

Mfaransa yeye yupo, kakunja nne sebuleni. Mwaka 2023 serikali yake ilimaliza kununua hisa zote za EDF zilizokuwa mikononi mwa watu wengine. Sababu? Nishati ni uhuru wa taifa, haiachwi ovyo.