Mfuniko Wenye Kufuli

Ndugu zangu wa Ngamiani,

Salamu zitakuja mwishoni, nikizikumbuka. Jumatatu nilishindwa na mfuniko, na nawaandikia mapema ili habari hii msiisikie kwa mtu mwingine. Si mfuniko wa sufuria wala wa chupa ya chai. Ni wa tangi la gari, na ulinishinda mbele za watu, saa mbili na nusu asubuhi, nikiwa nimevaa shati jipya.

Habari za mikono yangu mnazo. Miaka thelathini na moja ya chaki, na kila jioni insha za kusahihisha. Sasa shina la kidole gumba linauma kila nikibana kitu: ufunguo, kalamu, hata kitasa cha choo. Daktari wa hapa Kigali alinichorea kiungo kwenye karatasi, akanionyesha gegedu lilivyolika. Akaniambia ukibana kitu kwa ncha za vidole, kule chini kwenye shina mzigo unazidi mara nyingi. Akaongeza kwamba baridi haileti ugonjwa huu. Nikampigia Mama simu nimpe taarifa hiyo ya kitaalamu. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Ugonjwa wenyewe unaitwaje?" Nikajibu, baridi yabisi. "Basi," akasema, akakata. Mwalimu mzima wa Kiswahili nikabaki na simu sikioni, nimebwagwa na nomino.

Na kweli kwa mtu wa Tanga, Kigali ni baridi. Mji umekaa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na vidole vyangu huamka nusu saa baada yangu. Wenyeji ugonjwa huu wanauita rubagimpande. Hesabuni silabi: tano, moja kwa kila kidole.

Sasa gari. Nilinunua Carina kuukuu yenye usukani kushoto, maana huku wanaendesha upande wa kulia. Mwezi wa kwanza nilikuwa nafungua mlango wa kulia, naketi, nautafuta usukani, halafu najifanya nilikuwa natafuta miwani. Mfuniko wa tangi ulikuwa umepotea. Mwenye gari wa kwanza aliziba kwa kitambaa. Nikaenda Gatsata, kwenye magereji, nikarudi na mfuniko mpya wenye kufuli. Nilijiona mjanja kweli, mwizi wa petroli hanipati ng'o. Mpaka leo mtu pekee aliyezuiwa na mfuniko ule ni mimi.

Kuufungua ni hivi. Kwanza unavuta kijiti kilichojificha sakafuni, ubavuni mwa kiti, ili kile kimlango cha nje kifyatuke. Kijiti kina upana wa kijiko cha chai na kinataka vidole viwili vilivyokunjwa, yaani vilevile vigonjwa. Kisha unashuka, unachomeka ufunguo, unauzungusha robo, na huku umeushikilia hapohapo kwa mkono wa kulia, unazungusha mfuniko mzima kwa mkono wa kushoto. Ufunguo ukilegea hata kidogo, mfuniko unazunguka bure, kra kra kra, kama cherehani isiyo na uzi. Unaanza upya. Aliyekibuni kitu hiki alikuwa na mikono mitatu, na yote ilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Nawasikia mkisema: kwani sheli za huko hazina vijana wa pampu? Wapo, tena wengi. Si kama kwa binamu yetu wa Ohio, anayejishikia bomba mwenyewe huku theluji inamwangukia. Yeye ananiambia sheria ya Marekani inaitaka sheli imsaidie mlemavu kujaza mafuta bila kumwongezea bei, labda mfanyakazi awe yuko peke yake. Halafu kuna jimbo la New Jersey, ambako mteja amekatazwa kabisa kujijazia petroli tangu 1949. Jimbo zima limenionea huruma kabla sijazaliwa, na mimi sijawahi hata kulipelekea salamu.

Huku kilichonikwamisha ni adabu. Binti wa pampu alinisalimu, akaniomba nizime injini, akasimama na bomba mkononi wima kama askari wa gwaride. Kisha akaniona natoa ufunguo. Na ufunguo wa mtu ni wa mtu, hakuugusa. Akanitazama kwa heshima. Kra kra kra. Heshima ikaongezeka. Nyuma yangu yakajipanga magari manne, na hakuna aliyepiga honi. Ndugu zangu, hata mmoja! Ingekuwa kwetu, daladala angeshanitukana, bodaboda angeshuka akaninyang'anya ufunguo huku akiuliza nilisomea wapi, na muuza kahawa angesimamisha biashara atoe ushauri. Ningefunguliwa kwa dakika moja na kusimangwa mwezi mzima. Hapa nilipewa ukimya. Jasho likanishuka mgongoni, katika baridi ileile ya Mama.

Nikajaribu kwa pindo la shati. Nikajaribu kwa leso. Nikayafikiria meno, nikakumbuka yaliyobaki ni machache na yana kazi nyingine.

Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017, lakini binti yule hakuwa amepata taarifa. Basi nikalitoa neno nililofundishwa na jirani: "Mbabarira." Kwa pumzi moja unaomba radhi na unaomba msaada. Nikamnyooshea ufunguo. "Nta kibazo, muzehe," akasema, hakuna tatizo, na mfuniko ukawa mkononi mwake kabla sijaurudisha mkono wangu. Kumbe muda wote alikuwa anangoja ruhusa! Hilo "muzehe" nalo mnalijua, ni mzee wetu yuleyule, amevuka mpaka akaongezewa herufi. Nilidhani nimekuja kufundisha Kiswahili. Kumbe kilinitangulia, kikakaa kinanisubiri nizeeke.

Petroli ikaanza kumiminika. Sehemu kubwa ya mafuta ya huku hushushwa bandarini Dar es Salaam, yakapakiwa kwenye malori, yakapita Morogoro, Dodoma, Singida, Kahama, mpaka darajani Rusumo. Njia hiyohiyo niliyopita na basi, magoti yakiwa kifuani. Basi nikajikuta nimesogea karibu na tangi, nimefumba macho, navuta harufu. Nilipofumbua, binti alikuwa ananitazama kwa heshima.

Ikabaki kulipa. Noti nilikuwa nazo nyumbani, na huku kila mtu analipa kwa simu: nyota 182 nyota 8 nyota 1 nyota, namba ya duka, nyota, kiasi, alama ya reli. Kwa gumba zima ni sekunde kumi. Langu likilenga 8 linaangukia 5, nafuta, naanza tena kwenye nyota. Nikafika salama mpaka kwenye namba ya siri, simu ikaniambia muda umekwisha. Mara ya pili, muda umekwisha. Mara ya tatu binti akanibonyezea yeye, na tulipofika kwenye namba ya siri akageuka akaangalia barabara mpaka nikamaliza, nikitumia fundo la kidole kama mtu anayebisha hodi.

Wakati nahangaika na nyota, pembeni mwa sheli kwenye kibanda cha betri akaingia kijana wa pikipiki ya umeme. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria Kigali zinasajiliwa za umeme tu. Akachomoa betri iliyoisha, akachomeka iliyojaa, akaondoka. Mfuniko hana, ufunguo wa tangi hana! Nikasema hii ndiyo dawa yangu. Nikaomba niinue betri moja, nipime. Nikairudisha chini kwa taadhima zote.

Leo nimebadili sheli. Naishi Kicukiro, lakini nimevuka mji mzima mpaka Nyamirambo, safari iliyokula sehemu nzuri ya mafuta niliyoyafuata. Nyamirambo Kiswahili kinasemwa tangu enzi na enzi, kuna misikiti, kuna sambusa, na ukipita Biryogo alasiri unaweza kusahau kwamba hakuna bahari mwisho wa barabara. Nimeshuka garini, sijagusa hata mfuko, kijana wa pampu akasema, "Mzee, utatuchelewesha. Lete huo ufunguo." Nyuma yangu mtu akapiga honi.

Nimempa kijana ufunguo, na bakshishi juu. Yule wa honi nilitamani kumpa pia.

Sasa nawaomba. Ile Carina ya Mjomba iliyolala uani chini ya mwembe, mfuniko wake wa tangi hauna kufuli na najua bado upo, maana kuku hawali mifuniko. Mwombeni aniuzie, akikataa mkumbusheni nani alimfundisha kuandika barua ya posa. Pamoja nao wekeni kichupa cha mafuta ya karafuu ya kuchulia. Hayo ni kwa ajili ya Mama, daktari asijue. Mzigo mpeni kondakta wa basi la Kigali, lakini ufungeni kwa gazeti. Mkiufunga kwa mfuko wa plastiki utavuliwa Rusumo; mifuko hiyo imepigwa marufuku huku tangu 2008.